Darasa la Nyuma ya Magunia

Bwire wa Burumba alikuwa fundi wa kompyuta wa kandarasi, yaani leo yuko Sio Port, kesho Malaba, keshokutwa hajui mwenyewe, na nguo zake zote ziko kwa begi moja mgongoni. Alipenda maisha hayo. Kila mji una chai yake, na kila ofisi ina waya zilizosokotana kama utumbo wa mbuzi. Shida ilikuwa ukweni. Mama wa mchumba wake, Amoding, alikuwa amekataa katakata kuwapokea wazee wa Bwire waje kuposa. Binti yake, alisema, hataolewa na mtu anayefukuzwa kazi kila baada ya miezi michache.

Basi ushirika mmoja wa wakulima wa mahindi ukampa Bwire kazi ya kuweka programu mpya ya kupokea nafaka katika matawi yake na kuwafundisha makarani. La mwisho lilikuwa Malaba. Alifika Jumatatu asubuhi, akafungua mlango wa ofisi huku akipiga mluzi, na nani ameketi mbele ya kompyuta kama si Mama Akurut, huyo huyo mama yake Amoding! Alikuwa amehamishwa ghafla kutoka Amukura, na habari haikuwa imemfikia kijana.

Lo! Mluzi ukakatika. Mama akajitanda leso na kugeukia ukuta. Bwire akarudi kinyumenyume mpaka akagonga mizani. Wateso, watu wa mama, na Wasamia, watu wa Bwire, wana mengi yasiyofanana, lakini kwa hili lao moja: mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawaketi karibu, hata kutazamana ni taabu. Na kazi yenyewe ni ya kukaa bega kwa bega, bonyeza hapa, bonyeza pale. Tena ikishindikana, mama mwenyewe ndiye atakayekuwa shahidi kwamba kijana hafai.

Bwire akajifungia stoo ya nyuma, katikati ya magunia, akikuna kichwa. Mwishowe akatoa laptopu yake na kuiunganisha na kompyuta ya ofisini, hivi kwamba alichokiona mama naye alikiona, na mshale wa skrini aliuendesha kutoka huko huko. Akafungua ukurasa mtupu, akaandika: "Habari ya asubuhi, mama. Tuanze?"

Herufi zikaanza kutokea moja moja, kidole kimoja kikizitafuta: "Nzuri. Usiende mbio."

Wiki hiyo ilikuwa tamu, nisikudanganye. Wakulima waliokuja kupima mahindi waliona mshale ukitembea wenyewe na mama mzima akiunung'unikia; mmoja aliyetoka upande wa Uganda akasema banange kwa mshangao na kusogea mlangoni. Mama akikosea, Bwire alimwandikia pole na kumrudisha mwanzo. Saa ya chai, mama aliweka kikombe na kiazi kitamu juu ya gunia mlangoni mwa stoo, kisha akakohoa ili kijana asitoke kabla yeye hajaondoka. Kufikia Alhamisi alikuwa anafanya kila kitu peke yake, na Bwire hana kazi ila kutazama.

Ijumaa meneja Oduori akaja kutoka Busia. Bwire alimsikia kupitia mlangoni akimwambia mama kwamba kama bado anahitaji msaada, kijana ataongezewa kandarasi. Kama ameelewa, inaisha leo. Bwire akatega sikio. Neno moja tu, "bado", na angekuwa na kazi mpaka Krismasi.

"Nimeelewa yote," Mama Akurut akasema. "Amemaliza."

Bwire akaketi juu ya gunia. Kumbe huyu mama hanitaki kabisa, akawaza. Viazi vyote vile, chai yote ile, halafu hivi! Akamsikia Oduori akiaga na kuwasha pikipiki. Akaanza kukunja waya zake za akiba polepole, akijiuliza atamwambia nini Amoding.

Aliponyoosha mkono kuzima laptopu, akaona herufi zinatokea, safari hii kwa vidole viwili na bila kusita.

"Nilifikiri wanakufukuza kila mahali. Kumbe unamaliza. Walete wazee wako Jumamosi ijayo."