Aliyewauza Wafumaji

Tangu siku barua ya ligi iliposomwa, Norman Ogden hakumwamini mtu yeyote Harrowclough, hata aliyemmiminia chai. Barua yenyewe ilikuwa fupi. Klabu imemchezesha mchezaji aliyefungiwa, mechi tatu za Agosti, kwa hiyo inapokwa pointi tisa. Wafumaji, kama timu ilivyoitwa, waliamka asubuhi ile wakiwa kileleni kwa tofauti ya pointi nne, wakala chakula cha mchana wakiwa wa tatu, nyuma ya mahasimu wao Ashenbridge. Na katika ligi ile anapanda mmoja tu.

Asiyezijua timu za ligi za chini atacheka. Pointi tisa ndizo za kumkosesha mzee wa miaka sabini na minne usingizi? Lakini Harrowclough Athletic ilishuka daraja mwaka 1974, mwaka uleule Norman alipooa, na haikupanda tena. Mke amekwisha kuzikwa, kiwanda cha mwisho cha nguo kimegeuzwa duka la mazulia, jukwaa la mbao limeungua na kujengwa upya kwa mabati, na Norman bado alikuwa anangoja. Alishasema mbele za watu kwamba hafi mpaka Wafumaji warudi juu. Msimu huu ndio alioona kwamba sasa anaweza kufa kwa raha zake.

Alikuwa tarishi wa posta zamani. Baada ya kustaafu ikambakia kazi ya kijitabu cha mechi, kile wanachouziwa watazamaji getini, na ukurasa wa sita wa kijitabu hicho ulikuwa wake kwa miaka thelathini na sita. Humo ndimo alimoisimulia klabu: wafumaji walioianzisha 1889 kwenye uwanja wa kuanikia vitambaa, mechi ya kombe ya 1927, walipowabana wakubwa dakika themanini bila bao mpaka mpira ukapasuka, kipa aliyeoa asubuhi na kudaka mchana akiwa na ua kifuani. Novemba iliyopita tu alikuwa amewachekesha watu kwa habari za wachezaji waliobadili majina, kuanzia Albert Crabtree wa 1911, aliyejiita Smith ili mama yake mcha Mungu asijue kwamba mwanawe anakimbiza mpira. Norman hakuacha jambo. Kama ni kweli, na linahusu klabu, liliandikwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa dini yake.

Sasa swali lilikuwa moja. Nani kapeleka habari ligini?

Maana waliojua walikuwa wachache wa kuhesabika. Oktoba, winga wao Connor Heyes alikwenda kwa mwenyekiti, Sheila Duxbury, mwenye bucha, mama ambaye hata mbwa wa mtaa walimpisha njia. Kijana akakiri kwamba Aprili, katika mechi yake ya mwisho na timu yake ya zamani kule Fellgate, alipewa kadi nyekundu na kufungiwa mechi tatu. Akasahau. Kiangazi akaja Harrowclough, akaandikishwa kwa jina la baba aliyemlea, na karatasi za huku na za kule hazikukutana. Sheila akamwita kocha, akamwita Norman, akafunga mlango wa chumba cha chai.

"Hili linaishia hapa," alisema. "Atakayefungua mdomo nitamkatakata na kumtia kwenye pai."

Haki ilikuwa wapeleke habari ligini wao wenyewe. Lakini nani anajichongea akiwa kileleni? Walikubaliana, wakanyamaza. Na wakati wote huo Stanley Pilling alikuwa mle ndani anamimina chai, kwa sababu Stanley alikuwa mle ndani siku zote, na hakuna aliyefikiria kumtoa.

Kwa hiyo, ukimwacha kijana mwenyewe, walikuwa wanne. Norman aliwapima mmoja mmoja. Sheila asingeichoma nyumba yake mwenyewe. Kocha alikuwa ameahidiwa mkataba timu ikipanda. Yeye mwenyewe hakumwambia hata paka. Akabaki Stanley, na kila alipofika kwa Stanley moyo wake ulikataa kwenda mbele, kama baiskeli iliyotoka mnyororo.

Stanley alikuwa mlinda geti wa klabu kwa miaka thelathini na minane, na rafiki wa Norman kwa zaidi ya hiyo. Wamesafiri pamoja kwenye mvua za kila namna, chupa moja ya chai, blanketi moja la miguu. Siku ya mazishi ya mke wa Norman, Stanley ndiye aliyemfunga tai. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na Norman alianza kujipapasa nguoni.

Hapo akakumbuka Jumanne moja ya Desemba, kabla ya barua, basi lilipopita soko la Ashenbridge, alipomwona. Stanley alikuwa ameketi dirishani mwa mkahawa, uso kwa uso na Gordon Leach, katibu wa Ashenbridge, mtu wa mwisho duniani ambaye Mfumaji angenywa naye chai. Kati yao palikuwa na bahasha nene ya kaki. Stanley aliisukuma. Leach akaipokea, akaitia mkobani.

Jioni ileile Norman alikuwa amempitia nyumbani, akajitia kuuliza juu juu.

"Leo umeshindaje, mzee mwenzangu?"

"Hapahapa. Goti linaniua."

"Hukutoka kabisa?"

"Nitoke niende wapi na goti hili? Wewe vipi, umekuwa polisi?"

Stanley alicheka, lakini macho yake yalikwenda kwenye kabati, yakarudi. Norman aliliona hilo pia. Wakati ule aliyaacha yapite, lakini sasa, baada ya barua, kila alichofanya Stanley kilimnukia. Akikohoa, anaficha jambo. Akinyamaza, anaficha zaidi. Akitania, anajifanya. Mtu akishaingia katika jicho la namna hiyo, hata akisali ataambiwa anapiga ramli.

Kamati ilipokaa, Sheila hakuzunguka.

"Kuna mtu katuuza. Mwenye neno aseme."

Kocha alitazama viatu vyake. Stanley alikuwa anagawa biskuti. Norman alijisikia anasimama, na sauti iliyotoka ilikuwa kavu, ya mtu anayesoma anwani kwenye bahasha.

"Jumanne tarehe sita Desemba Stanley alikuwa Ashenbridge na Gordon Leach. Alimpa bahasha. Nilimwuliza, akaniambia hakutoka nyumbani."

Sheila alimgeukia Stanley. "Ni kweli?"

"Kwamba nilikuwa Ashenbridge? Kweli."

"Bahasha ilikuwa ya nini?"

"Hayo ni yangu."

"Stanley, usinichezee. Ulimwambia Leach habari za kijana?"

"Sikumwambia."

"Basi nani?"

Stanley alimgeukia Norman.

"Ni wewe unayesema haya, Norman? Wewe?"

"Nasema nilichokiona."

"Haya." Stanley aliweka sahani ya biskuti chini. Akatoa mfukoni ufunguo wa geti, ule mkubwa wa chuma, akauweka kando ya sahani. "Mechi ya Jumamosi fungueni mapema, kuna mabasi mawili ya wageni." Akachukua kofia yake, akatoka akichechemea. Hakuna aliyemzuia, na Norman alishukuru kwamba goti lilimfanya atoke polepole, apate kumwona kidogo zaidi, kisha akaona aibu kwa kushukuru.

Wiki zikapita. Getini aliwekwa mpwa wa Sheila, mtu asiyejua hata kusalimu, na foleni ikawa inafika mpaka kanisani. Watu walinong'ona kwamba Pilling ndiye msaliti. Mmoja aliandika hivyo kwa rangi kwenye ukuta wa uwanja. Norman alipita hapo kila siku akielekea sokoni, na hakuyafuta. Alijiambia si kazi yake.

Machi wakaja Ashenbridge wenyewe. Gordon Leach aliingia chumba cha chai kabla ya mechi, mnene, mchangamfu, mkoba begani, akaagiza pai kama mtu aliye kwao. Norman alimfuata mpaka pembeni.

"Unathubutu kula hapa!"

"Pai zenu nzuri kuliko timu yenu," Leach alisema. "Ogden, sivyo? Nimekuwa nikitaka kukuona. Mimi ni msomaji wako mkubwa."

"Mlimpa nini Pilling?"

"Pilling?" Leach alifuta mchuzi kidevuni. "Hajakupa bado? Lo, basi nimeharibu. Mwaka mzima ananisumbua yule mzee. Mimi nakusanya vijitabu vya mechi, ndiyo maradhi yangu. Ninacho cha 1927, cha kombe, siku mpira ulipopasuka. Pilling akasema kuna rafiki yake hana hicho tu, vingine vyote anavyo. Nikamwambia siuzi, nabadilisha. Basi akanipa vyenu vya msimu huu vyote na vya zamani arobaini, vyake mwenyewe. Kwenye bahasha, safi kabisa, havina kunjo."

Norman alishika ukingo wa meza. Hicho cha 1927 alikitafuta maisha yake yote.

"Na habari za Heyes?" aliuliza. "Nani alikuambia?"

Leach alimtazama kama anayedhani anataniwa. "Si wewe?"

"Mimi?"

Leach alifungua mkoba, akatoa kijitabu cha Novemba, akakifunua ukurasa wa sita, akaweka kidole palipo na mafuta ya pai. Norman hakuhitaji miwani. Aliyajua maneno yake mwenyewe. *Wa tatu katika historia yetu kucheza kwa jina jipya tangu Crabtree ni Connor Heyes, ambaye hadi Aprili watu wa Fellgate walimjua kama Connor Briers.*

"Briers!" Leach alisema kwa furaha. "Shemeji yangu anafundisha timu kule. Briers ndiye aliyempiga kiwiko beki wake, akatolewa. Nilikuwa natafuta huyo Briers alipopotelea. Nikasoma hapa, nikasema, ahsante Bwana Ogden, huwa huachi jambo."

Kuhusu kadi Norman alikuwa amenyamaza kama kaburi. Hakuandika neno, hakumwambia mtu. Lakini jina alilitia mwenyewe, kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa sababu wa kwanza na wa pili wasingependeza bila wa tatu. Hakutazama mechi. Alitembea mpaka kwa Stanley bila kofia, na mvua ya Machi haimwonei mtu huruma.

Stanley alifungua mlango, akasimama hapohapo kizingitini.

"Nimezungumza na Leach," Norman alisema. "Ni mimi. Ukurasa wa sita."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu Novemba. Mimi hukisoma kabla sijafungua geti, neno kwa neno, miaka yote hiyo. Ulidhani nani anakisoma? Nilipoona jina la kijana nikasema, yametimia, Norman katuua. Lakini vilikuwa vimeshachapwa, na watu wako nje. Nikaomba Mungu asikisome mtu."

"Na ukampa Leach!"

"Nilimpa msimu mzima, nikasahau kukitoa hicho. Ukitaka kunilaumu, nilaumu hapo."

"Mbona hukusema kwenye kamati? Ungesema neno moja tu."

"Ningesema, Sheila angekunyang'anya ule ukurasa siku ileile. Na wewe bila ule ukurasa ni nani, Norman? Tarishi mjane." Stanley alisema hivyo bila ukali, kisha ukali ukaja. "Nilikuwa tayari kunyamaza wasijue ni nani. Hilo nililiweza. Sikujua kwamba utasimama wewe, unitaje mimi."

Nyuma ya Stanley, juu ya kabati, Norman aliiona bahasha ya plastiki, na ndani yake karatasi ya rangi ya chai iliyoandikwa 1927.

"Kichukue ukitaka," Stanley alisema. "Nimechoka kukitazama."

"Siwezi."

"Basi kikae." Akafunga mlango.

Norman alimweleza Sheila kesho yake, buchani, mbele ya wateja. Sheila aliweka kisu chini. "Mungu wangu, mzee wewe," alisema. "Haya, Stanley nitamwomba radhi mwenyewe. Lakini usiliandike. Msimu umeshaharibika. Tuache yaishe." Norman alitikisa kichwa kukataa, akaenda kuufuta ukuta kwa ndoo na brashi, akachukua mchana mzima.

Mechi ya mwisho ya nyumbani ilikuwa Jumamosi ya Aprili. Ashenbridge walikuwa wamekwisha kupanda, na Wafumaji walikuwa hawachezei kitu. Mpwa wa Sheila hakuja, kwa hiyo Norman aliketi getini mwenyewe, juu ya kiti cha Stanley chenye mto uliochakaa upande mmoja. Hakuijua ile mashine ya kuingizia watu mmoja mmoja. Ilimkwama kila mtu wa tatu, na foleni ikapita kanisa.

Karibu na mwisho wa foleni akatokea Stanley, amevaa skafu yake, ameshika hela mkononi kama mtazamaji yeyote, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na minane.

"Moja, mzee," alisema. "Na kijitabu."

Norman alimpa. Stanley hakuingia. Alisimama palepale katikati ya geti, akafunua ukurasa wa sita, akavaa miwani. Nyuma watu walianza kupiga kelele. *Mwaka huu klabu ilipokwa pointi tisa. Aliyewapa Ashenbridge jina la mchezaji ni Norman Ogden, katika ukurasa huu, Novemba. Huyohuyo Norman Ogden alimsingizia Stanley Pilling, ambaye alijua ukweli wote na akanyamaza. Hakuna usaliti mwingine uliotokea.*

Stanley alisoma mara mbili. Norman hakuweza kumtazama, alitazama matone ya mvua kwenye chuma cha geti.

"Hapa umekosea," Stanley alisema.

"Wapi?"

"Umeandika wewe ndiye uliyewapa jina. Nani aliyewapa kijitabu?"

"Hilo halihusu."

"Ni kweli, na linahusu klabu. Utalitia msimu ujao." Alikunja kijitabu, akakiweka mfuko wa ndani wa koti. "Sijakusamehe, usijidanganye."

"Najua."

"Haya, inuka kwenye kiti changu. Watu wanalowa."