Jivu la Lovisa

Hadithi aliitunga Keziah mwenyewe, akaiuza kwa jarida moja la Boston: marehemu anatoka kaburini usiku kunyonya pumzi za nduguze. Siku hizo wasomaji wa mjini walipenda kutishwa, na Keziah alijua kutisha. Hakujua tu kwamba jarida lingefika hadi dukani kwao Vermont, lisomwe kwa sauti kando ya jiko, wiki ileile mdogo wake Asahel alipoanza kutema damu.

Dada yao Lovisa alikufa kwa kifua kikuu mwezi wa Desemba. Ardhi ilikuwa imeganda, haichimbiki, kwa hiyo jeneza liliwekwa katika nyumba ya mawe pale makaburini kungoja masika, ardhi ilainike. Watu wakajumlisha moja na moja: Lovisa ndiye anayemnyonya Asahel.

Asubuhi wakaja na mitaimbo, Shemasi Pettingill mbele.

"Shemasi, ile ni hadithi tu! Nimeitunga!"

"Hujatunga kitu, binti. Babu zetu walifanya haya kabla hujazaliwa. Wewe umetukumbusha, na tunakushukuru."

"Mwacheni Lovisa apumzike!"

"Apumzike wapi, na kazi anayo?" mmoja akadakia. Wenzake wakacheka, lakini hakuna aliyetaka kutangulia kuingia.

Jeneza likafunguliwa. Lovisa alikuwa na mashavu yake yaleyale. Ni baridi, Keziah alijiambia, hata nyama ya ghalani haiozi wakati huu. Kisha Shemasi akampasua kifua, moyo ukachuruzika damu, na Keziah akarudi nyuma. Alimwogopa dada yake, aliyelala naye kitanda kimoja tangu utotoni, na akajichukia kwa hilo.

Moyo waliuchoma juu ya jiwe. Jivu likakorogwa katika kikombe cha maji, maana ndiyo dawa waliyorithi, na Keziah akakabidhiwa ampelekee mgonjwa.

Asahel alikitazama kikombe kwa hofu.

"Dada, ile hadithi yako sikuimaliza, macho yalichoka. Yule kaka mtu anapona?"

Katika hadithi, Keziah alikuwa amemzika kaka huyo kando ya dada yake. Msomaji hulipia hofu, na yeye alimpa hofu yake yote.

"Anapona," akasema.

Asahel akatabasamu, akafungua kinywa, akangoja anyweshwe.