Wasifu wa Tolliver

Mzee Harlan hakujua kusalimia. Asubuhi Shufaa, mwuguzi wake, akija kumfungulia mapazia, badala ya kumuuliza ameamkaje, yeye huuliza, "Tolliver ilishushwa majini lini?"

"Mwaka elfu moja mia tisa kumi na saba, Mzee."

"Halafu?"

Hapo somo limeanza, na uji unapoa. Tolliver ilikuwa manowari ya Kimarekani, nyembamba, yenye dohani nne, iliyoundwa kwa haraka ili ikawinde nyambizi za Wajerumani. Baba yake mzee alikuwa fundi wa boila humo. Shufaa alijibu kama mtoto wa madrasa, huku mawazo yake yakiwa kwenye shuka za kufua. Tusimlaumu. Nani ana hamu na chuma cha Wamarekani kilichoyeyushwa zamani, na hapo kuna mgongo wa mgonjwa unasubiri kukandwa? Watu wakisikia ametoka Tanga humdhania mtoto wa bahari. Kwao ni Pongwe, kwenye mkonge, na meli hajapanda mpaka leo.

Somo liliishia Tolliver inapouzwa chuma chakavu. Mzee huuliza tena, "Halafu?" Shufaa hujibu, "Halafu basi, imekwisha." Mzee hutikisa kichwa kwamba amekosa, akageukia ukutani. Jibu lenyewe hakuwahi kumpa.

Nyumba ile ya Kensington, mtaa wa Joburg, haikuwa na mgeni. Simu ikilia, ni wauza bima. Miaka yote aliyomhudumia, Shufaa alijua kwamba mzee hunywa chai bila sukari na huogopa radi, basi. Naye mzee hakumuuliza Shufaa hata jina la mama yake.

Akafa mwezi wa Julai, baridi ya Joburg imekaza. Mwanasheria aliyeshika mambo yake akampigia Shufaa kumweleza habari za maziko, akaongeza kwamba si lazima aje. Shufaa akaenda. Kwao wanawake hawafiki makaburini, lakini nani mwingine angefika?

Hakufika mtu. Kwenye kanisa dogo la makaburini alikuwepo mchungaji wa kukodi, mwanasheria, kijana wa kampuni ya mazishi, na yeye. Viti vingine vilibaki vitupu. Mchungaji akasoma alichosoma, kisha akamgeukia.

"Mama, wewe ndiye uliyekaa naye. Tuambie machache kuhusu maisha yake."

Shufaa akasimama. Kwao hata mkata mkonge akifa husomewa wasifu: kazaliwa wapi, kafanya kazi gani, kaacha nani.

"Marehemu alizaliwa..."

Akakwama. Alizaliwa wapi? Aliwahi kuoa? Joburg alifuata nini? Amemwogesha mtu, amemlisha, amemfumba macho, na mwanzo wake haujui. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Na nyuma ya aibu ikaja hofu, kwa sababu alijiona mwenyewe ndani ya lile sanduku, na mchungaji anauliza, na katika mji huu mzima hakuna wa kujibu.

Kijana wa mazishi akatazama saa. Hapo Shufaa akapandwa na hasira, na hasira ikamfungua kinywa.

"Mimi najua habari za Tolliver," akasema. "Ilishushwa majini wakati wa vita, bila bendi wala shamrashamra. Ikavuka Atlantiki, ikasindikiza meli za mizigo mpaka Ayalandi. Siku moja ya ukungu ikaokota mabaharia waliozamishiwa meli yao, na mmoja akafa kabla hajasema jina lake. Vita vikaisha. Wakaifunga gatini ubavu kwa ubavu na nyingine za aina yake, miaka na miaka, hamna mtu ndani. Vilipokuja vita vya pili wakaikumbuka. Ikapakwa rangi, ikarudi kwenye baridi ya Aislandi, imeshazeeka, inavuja. Kisha wakafuta jina lake. Ikauzwa chuma chakavu."

Akasubiri sauti ya mzee imuulize lile swali lake, na haikuja.

"Halafu," akasema mwenyewe, "alibaki huyu mzee, akiisimulia. Na sasa naisimulia mimi."

Akakaa. Machozi yalimtoka, na hakujua ni mangapi ya mzee na mangapi yake.

Jioni, aliporudi Jeppestown alikopanga, hakuingia chumbani kwake. Alisimama mlangoni kwa jirani yake Burhani, fundi viatu kutoka Unguja.

"Burhani, mimi nimezaliwa wapi?"

"Tanga."

"Tanga wapi?"

Burhani akacheka. "Eish, Bi Shufaa, leo una nini?"

"Mama yangu anaitwa nani?"

Kicheko kikakatika. Wameishi mlango kwa mlango, wameazimana chumvi na pasi, wameuguzana mafua. Burhani alitazama sindano yake.

Shufaa akageuza ndoo, akaikalia.

"Shika vizuri, maana kesho nitakuuliza. Na wewe utanipa yako. Nimezaliwa Pongwe, kwenye kambi ya mkonge. Mama yangu ni Mwanahamisi..."

Hakukumbuka lini mara ya mwisho alilitamka jina hilo mbele ya mtu.

Burhani akaweka kiatu chini.

"Halafu?" akauliza.