Nyumba za Mapazia

Wenzake wakipandishwa cheo na kupewa nyumba mpya, huita fundi wa rangi. Mume wangu huita seremala aje ang'oe milango. Tumekaa nyumba tatu za jeshi, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia, na kote ni mapazia matupu, mpaka chooni. Wageni wetu wamejifunza kukohoa kabla ya kuingia. Niliwatania kwamba Kamanda wangu ana wivu, anataka kuniona kila kona. Kilikuwa kicheko cha kufunika aibu, lakini kilisaidia.

Alianza mambo haya baada ya vita. Kombora lilitoboa manowari yake usiku, akairudisha bandarini kwa injini iliyobaki, na watu mia moja na kumi na wawili wakiwa hai. Wakampa medali, wakampa cheo, kisha kingine. Mimi aliniletea sanduku lililopigiliwa misumari. Ndani alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu, fundi wa chumba cha injini cha manowari hiyo hiyo.

"Alikufa papo hapo," aliniambia. "Hakusikia uchungu."

Maneno hayo niliyalalia miaka kumi na tisa. Mama yetu aliingia nayo kaburini.

Jumanne iliyopita ilikuwa sherehe ya mume wangu ya kustaafu. Asubuhi, akivaa sare, niliingia stoo kumtafutia brashi ya viatu. Mlango wa stoo ni wa chuma. Ulimshinda seremala, kwa hiyo tuliuwekea tofali usijifunge. Nikalisukuma tofali kwa mguu bila kujua. Mlango ukajibamiza, komeo la nje likaanguka, likanifungia ndani. Niliona haya kupiga kelele, mwanamke mzima kujifungia stoo. Brashi nilishaipata; nikaokota na kopo la rangi ya viatu, nikagonga. Ngo, ngo, ngo.

Nikasikia viatu vyake vikija, vikasimama.

"Shemeji," akasema.

Mimi si shemeji yake. Shemeji alikuwa naye mmoja tu.

"Shemeji, acha kugonga, nakuomba. Nikikufungulia, maji yatatuzamisha wote. Nina watu huku juu."

Nikakaa juu ya ndoo. Nilitafuta tusi la kumtosha, nikalikosa. Nikauliza kwa sauti ya chini, "Niligonga mpaka saa ngapi?"

Nikasikia akiegemea mlango.

"Mpaka tulipoziona taa za bandari."

Karibu kiasi hicho! Mdogo wangu aligonga usiku kucha, akanyamaza nyumbani kukionekana tayari.

"Fungua, shemeji," nikasema. "Maji yamekwisha."

Komeo likainuka. Alinikuta mimi, na brashi mkononi. Alinitazama, akaelewa alichosema, akalia na medali zake zote kifuani. Nilimpa brashi. Sikuwa na kingine cha kumpa.

Ukumbini, msemaji alisoma historia ya kazi yake kuanzia uluteni. Alipofika usiku ule, alisema mafundi wa injini walikufa papo hapo, na kwamba uamuzi wa Kamanda uliokoa manowari nzima. Watu wakasimama, wakapiga makofi, ngo, ngo, ngo, hayaishi. Mume wangu akanishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma. Nilijua anasikia nini, kwa sababu siku hiyo nami nilikuwa nakisikia. Sikumsamehe. Lakini mkono wangu sikuutoa mpaka waliponyamaza.