Gazeti la Tatu

Baba alipapasa ukurasa wa mbele kwa kiganja, kama anayekagua shuka limekauka au bado, kisha akanirudishia gazeti.

"Soma."

Tangu macho yake yapoteze nuru, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kila siku kabla ya chakula cha mchana. Miaka thelathini na sita alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha magazeti, na ubishi wake haukustaafu naye. Alitaka magazeti mawili, habari moja, nimsomee moja baada ya jingine. La kwanza alilibatiza Ndiyo Mzee, kwa kuwa halijapata kumwona waziri akikosea. La pili aliliita Pilipili. Nikimaliza aliniuliza nani kapewa nafasi ya kusema kwanza, nani katajwa kwa cheo, na nani kaitwa "mkazi mmoja" tu.

Habari ya wiki ile ilikuwa mtaa wetu. Serikali ilitaka kupitisha barabara pana, na nyumba zote za upande wetu ziondoke, pamoja na hii ambayo Baba aliijenga kabla sijazaliwa. Fomu ya kukubali kuhama ilikuwa mezani. Mume wangu, ofisa wa mradi huohuo, angekuja kuichukua saa sita. Wakuu wake walimweleza bila kupepesa macho: mkwe akigoma kutia sahihi, asahau cheo alichoahidiwa. Nami, nisiwe mnafiki, nilikitaka cheo kile. Nilikuwa nimechoka kulaza watoto wanne chumba kimoja.

Kwa hiyo siku sita nilikuwa nikiruka mistari. Sikutunga neno hata moja. Nilijiambia kuruka si kudanganya, nikajiamini kwa sababu ilinifaa kujiamini.

Siku ile nilimsomea Ndiyo Mzee, wakazi wakipongeza maendeleo. Kisha nikalishika Pilipili, nikaanzia aya ya tatu.

"Hilo ni Pilipili?" Baba akauliza.

"Ndilo, Baba."

"Mbona haliwashi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mwanangu, magazeti haya yanazozana tangu wewe unanyonya. Moja likisema mvua, jingine linasema jua. Wiki hii nzima yamekubaliana. Lipo gazeti la tatu humu ndani, na mhariri wake nimemzaa mwenyewe."

"Labda wamepatana," nikasema, na sauti yangu ikanisaliti.

"Hata Ndiyo Mzee limekuwa fupi. Soma chini kabisa."

"Chini hakuna kitu cha maana, Baba."

"Chini ndiko waliko watu." Aliegemea kiti. "Habari ilipozidi nafasi, tulikata kutoka mkiani. Waandishi walilijua hilo, basi waziri akapandishwa juu, aliyebomolewa akawekwa mwisho. Nimewakata wengi. Kila siku nilisema nafasi imebana, lakini waliotoka walikuwa walewale."

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo juu ya kazi yake, na niliogopa kumtazama.

Nikasoma mstari wa mwisho wa Ndiyo Mzee: mkazi mmoja alidai kuwa nyumba walizohamishiwa watu wa mtaa wa pili, waliopisha barabara hiyohiyo, bado hazina paa. Basi, nukta. Nikarudi mwanzo wa Pilipili. Mkazi yuleyule, kumbe mama, alikuwa juu kabisa na picha yake, amemfunika mwanawe turubai. Mtoto alikuwa amelazwa kwa kichomi. Chini ya picha iliandikwa kuwa maelfu wanalala nje.

"Maelfu hao wametiwa chumvi," Baba alisema. "Mtaa ule hauna nyumba mia. Lakini paa je?"

"Yote mawili yanasema hakuna."

"Wewe ulijua?"

Ningeweza kusema sijui. Macho yake hayakuwa na uwezo wa kunisuta, na labda ndiyo maana nilishindwa.

"Nilijua, Baba. Mume wangu aliniambia tangu mwezi uliopita."

Hakugomba. Aliipapasa meza mpaka akaifikia fomu, akaigeuza kifudifudi, akaweka mkono juu yake. Ningependa angegomba.

"Nani aliwaahidi watu hao kwamba paa zipo?"

"Imeandikwa ofisa wa mradi."

"Hana jina?"

"Analo."

Gari likasimama nje. Mume wangu aliingia anatabasamu, kalamu tayari mkononi. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kitako. Mkeo anamalizia sentensi."

Akakaa. Alinitazama mimi, akalitazama gazeti, na tabasamu likamtoka taratibu. Akatikisa kichwa kidogo sana, kiasi cha kuonwa na mimi peke yangu.

"Endelea," Baba akasema.

Nikalisoma jina la mume wangu lote: lake, la baba yake na la ukoo.