Ukuta wa Mama Mapazia

Jirani yangu, ambaye mtaa mzima tunamwita Mama Mapazia kwa jinsi anavyopenda kubadilisha mapazia, alinipigia simu asubuhi kuniambia anauza nyumba. Mthamini angepita mchana na yeye yuko kwa dada yake, kwa hiyo nimfungulie. Funguo zake huwa ninazo. Nilimjibu haina shida, jirani, na tangu hapo sikutulia. Nyumba zetu ni pacha, fundi mmoja, ukuta mmoja katikati. Nikijua bei ya kwake nimejua na ya kwangu. Umbea wa namna hiyo mimi siuhesabu kuwa umbea.

Mthamini alikuwa mwanamume mwembamba, si msemaji. Alipima vyumba, akachungulia darini, nami nikamfuata kama mkia.

"Kaka, kwa harakaharaka tu, inaweza kufika ngapi?"

"Dada, hiyo anaambiwa mwenye nyumba."

"Leo mwenye nyumba ni mimi. Huoni funguo?"

Akacheka. Tulipofika chumba cha mwisho akaacha kucheka. Palikuwa na pazia zito la rangi ya dhahabu, limeshuka kutoka darini hadi sakafuni, kwenye ukuta usio na dirisha. Mimi pazia hilo nilishalisifia mara nyingi, hata nikauliza limenunuliwa wapi. Yeye alilivuta pembeni.

Ufa ulianzia juu kabisa na kuteremka hadi chini, mpana kiasi cha kuingiza mkono. Ulikuwa umezibwa kwa magazeti na saruji, na saruji yenyewe imepasuka. Mthamini aligonga kwa kidole, taratibu. Tukasikia mchanga ukimiminika ndani ya ukuta, unashuka, unashuka. Akarudi nyuma.

"Usiguse. Huu umeshaachana na msingi, umelalia upande wa pili. Huko kuna nini?"

"Kwangu."

"Chumba gani?"

Kitanda cha mama mkwe wangu kimeegemea ukuta huo, na mto wake uko hapohapo.

"Mama mkwe. Amelala."

"Kamtoe. Humu ndani tembea, usikimbie. Na ukifika kwako usigonge wala usibamize kitu." Nilipofika mlangoni akasema, kama anayejisemea mwenyewe, kwamba nyumba hii thamani yake ni kiwanja tu, tena utoe gharama ya kubomoa. Bei niliyoiwinda tangu asubuhi ndiyo hiyo, na sikuijali hata kidogo.

Sasa lazima mumjue mama mkwe wangu. Masikio yake ni mazito, na akilala mchana hujifungia kwa komeo, kwa sababu, kama anavyowaambia wageni mbele yangu, mke wa mwanawe ana kiherehere. Kumwamsha ni kuupiga mlango kwa ngumi mpaka bawaba zilie. Ndivyo ninavyofanya kila siku. Nilifika mlangoni ngumi imeshainuka yenyewe, ikabidi niishushe kwa mkono wa pili.

Nikazunguka nje hadi dirishani. Alikuwa amelala chali, mdomo wazi, na kwenye shuka, karibu na sikio lake, palikuwa na vumbi jekundu. Nikaita kwa sauti ya chini. Wapi! Kipande cha plasta kikadondoka juu ya mto. Nikachukua fagio lililokuwa uani, nikapitisha mpini kati ya nondo za dirisha na kumgusa wayo.

Alishtuka, akakaa kitako. "Wewe! Umepata wazimu?"

Kisha mkono wake ukaenda ukutani. Kila akitaka kuinuka huusukuma ukuta ule kwa nguvu zake zote. Ningepiga kelele, lakini niliziogopa kelele zenyewe. Nikasema jambo la kwanza lililonijia, nikitamka polepole ili ausome mdomo wangu.

"Mama, nimejua bei ya nyumba ya jirani."

Mkono ukasimama hewani. "Ngapi?"

"Njoo nje nikwambie. Shika kiti, usishike ukuta."

"Si useme tu hapo."

"Watu wasikie?"

Hilo lilimwingia. Akashika kiti, akainuka kwa kujivutavuta, akatafuta ndala. Alitafuta ndala! Niliomba Mungu kimoyomoyo. Nilikimbilia mlangoni, na komeo lilipofunguka nilimdaka mkono na kumtoa nje hadi ng'ambo ya barabara, yeye akinitukana njia nzima. Hapo nikakaa chini na kulia, na yeye amesimama juu yangu akiuliza ngapi, ngapi.

Simu ikalia. Alikuwa Mama Mapazia.

"Vipi jirani, amemaliza? Amesemaje?"

"Amesema thamani yake ni kiwanja tu."

Akauliza kwa sauti ndogo:

"Na mama mkwe wako, bado analala kile chumba cha ukutani?"

Nilikuwa sijamtajia ukuta.