Bata au Kobe

Usiku wa kuamkia leo deki ya video ya baba ilikuja kugonga mlango wangu ndotoni, na mimi, kwa adabu niliyolelewa nayo, nikaifungulia.

Imesimama kizingitini, waya wake inauburuta nyuma, na kichwani imejitanda kile kitambaa cha kufuma ambacho mama alikuwa akiifunika nacho isiingie vumbi. Inanuka spiriti. Wenye umri wangu watakumbuka: deki ikichafuka kichwa, ilisafishwa kwa pamba na spiriti. Hii ya kwetu ilisafishwa miaka mingi mno, ikazoea.

"Shikamoo dada Kalunde," ikasema.

"Marahaba. Unataka nini saa hizi?"

"Unaitwa bandani. Leo inaamuliwa ile kesi yako na Mihayo, katuni ya nani ndiyo bora. Atakayeshindwa, katuni yake inafutwa. Itarekodiwa harusi juu yake."

"Harusi ya nani?"

"Ya watu usiowajua."

Na hapa inabidi nieleze, la sivyo mtaniona mwehu.

Baba yetu, Mzee Kasanda, alikuwa mtafsiri wa mikanda kule Urambo. Alikuwa na banda la video, na kila filamu iliyoingia, yeye alikaa pembeni ya TV na kipaza sauti chake akitueleza kwa Kiswahili wanachosema wale wa kwenye kioo. Wanaume, wanawake, watoto, wanyama, wote sauti zao alizitoa yeye. Lugha zao hakuijua hata moja, ila hilo halikuwahi kumsumbua. Mimi nilikuwa naenda bandani Jumamosi na mdogo wangu Mihayo Jumapili, kwa sababu mmoja wetu lazima abaki nyumbani kumsaidia mama. Huko ndiko nilikoipenda katuni ya Bata Mjane, yule anayeizunguka nchi nzima na furushi mgongoni akitafuta watoto wake. Mihayo naye akapenda ya kwake, Inspekta Kobe, anayesaka majambazi bila haraka.

Miaka yote tumebishana kwa kucheka. Idi hii iliyopita hatukucheka. Nilimwambia, nyumbani kwake, mbele ya watoto wake, kwamba mtu anayemlinganisha mama mwenye uchungu na polisi mwenye gamba hana moyo. Akanijibu kwamba bata wangu ni wa kuwaliza wanawake waliochoka. Waliochoka! Nikabeba sufuria yangu ya pilau, ya moto vilevile, nikatoka nayo nje, watoto wakiifuata kwa macho mpaka getini.

Tangu siku ile hatujapigiana simu. Mimi ni mkubwa, sianzi. Yeye kichwa ngumu, haanzi. Na baba anaishi kwa Mihayo, simu ya kwake hana, anatumia ya Mihayo. Kwa hiyo huu ugomvi wa bata na kobe umeninyima sauti ya baba yangu miezi yote hii. Inaniuma, nisiwadanganye. Ndiyo maana niliposikia "itafutwa", nilijifunga kanga nikaifuata deki bila hata kuvaa viatu.

Tunapita jikoni kwangu. Nafungua mlango wa uani, na uani hakuna. Kuna banda la Urambo, mabati yaleyale na joto lilelile. Mlangoni amesimama jogoo mwenye tai.

"Wa mbele vueni vichwa!" anapiga kelele. "Wa nyuma hawaoni!"

Zamani baba alikuwa akisema inamisheni vichwa. Hapa wanavua kabisa. Mama mmoja mbele yangu anakitoa cha kwake taratibu, anakiweka kwenye kapu, anakifunika na kanga kisipate baridi.

"Pole mama," nikamwambia.

"Si neno, nimezoea," kikajibu kichwa kutoka kapuni. "Hata hivyo mimi huwa naangalia mwanzo tu. Mwisho wa katuni siuwezi, nalia."

Kwenye kona kuna mzee amekauka kabisa, anaomba afe. Nikauliza ana shida gani. Jogoo akaniambia yule alikuwa steringi, shujaa wa filamu, na steringi hafi. Kila mtu bandani alilijua hilo. Nilimwonea huruma, lakini nilikuwa na kesi yangu.

Hakimu ni TV yetu ya chogo. Amekaa juu ya meza, chogo lake limeegemea ukuta, na mishipa ya chenga, kama za TV iliyopoteza picha, inampita usoni kila akikasirika. Mbele yake amesimama Mihayo. Ndevu zake zote anazo, na kitambi anacho, ila amevaa kaptura ya shule ya msingi.

Hatukusalimiana.

"Mwambie huyo," nikaiambia deki, "hiyo kaptura inambana."

"Mwambie huyo," Mihayo akasema, "amekuja pekupeku mahakamani."

Deki ikatuambia yote mawili kwa uaminifu, halafu ikapiga kwikwi.

"Kimya!" akasema Mheshimiwa Chogo. "Kabla ya yote, wazee wa baraza watoe maoni. Katuni nzuri ni ipi?"

Tembo akasimama. "Yenye nyimbo. Ikipita muda hakuna aliyeimba, mimi natoka nje kukojoa, na nikitoka mimi mnajua wenyewe."

Panya akasema yeye anapenda zile ambazo mchawi habadiliki mpaka mwisho. "Wengine wote wanaimbaimba tu porini. Mchawi ndiye pekee mwenye kazi inayoeleweka."

"Mwongo!" akadakia paka. "Huyu anapenda zile ambazo paka anaangukiwa na pasi!"

"Na hizo pia," panya akakiri.

Ukazuka mzozo hapo. Sungura akataka za zamani zilizochorwa kwa mkono, twiga akasema za zamani hazina rangi, sungura akamwambia rangi anaitaka ya nini na yeye mwenyewe ana madoa tu. Wakashikana. Twiga hakuwa na kichwa kwa sababu ya ile sheria, kwa hiyo alikuwa anampiga asiyehusika.

Mheshimiwa Chogo akawaka chenga usoni, wote wakakaa. "Kalunde, jitetee."

Nikasogea. Nimeisubiri nafasi hii maisha yangu yote. Nikafungua kinywa niseme "Mheshimiwa, Bata Mjane", na kinywa hakipo. Napapasa: pua ipo, kidevu kipo, hapo katikati pametandazwa ngozi tupu.

"Sheria ya banda," akasema Chogo. "Aliyeiona asisimulie. Wewe ya bata umeiona. Utasimulia ya mwenzio."

Jamani! Nitetee kobe, mimi? Nikatikisa kichwa kukataa. Lakini ukikaa bila mdomo unaanza kufikiri mambo mengi, chai, kwa mfano. Nikakubali, na mdomo ukarudi palepale.

"Basi," nikasema kwa shingo upande, "kuna kobe mmoja, inspekta."

Na ajabu ni kwamba nilimjua. Miaka yote Mihayo amenipigia kelele za huyo kobe kwenye vyombo, kwenye nguo za kufua, kwenye msiba wa mama hata. Nikaeleza jinsi majambazi wanavyomcheka kwa kuwa ni mpole. Nikaeleza anavyolala njiani ndani ya gamba lake, peke yake, na asubuhi anaendelea. Wote wanaokimbia wanachoka, yeye hachoki, kwa sababu ametoa ahadi kwa mtu. Nilipofika hapo nikakohoa. Nikasema ni vumbi la banda.

"Mihayo," akaita Chogo.

Mihayo akashika kaptura isimwanguke. "Kuna bata," akasema. "Mjane. Kila nyumba anayopita anagonga na kuuliza, mmewaona wanangu? Wanamwambia hapana mama. Anasema asanteni. Kila mara anasema asanteni." Akajifuta macho kwa mkia wa tembo, uliokuwa karibu. "Dada alikuwa akinisimulia tukiosha vyombo. Mimi hiyo sijawahi kuiona, nimeisikia kwake tu."

Ameniita dada. Hakumwambia deki aniambie. Alisema mwenyewe.

"Leteni mikanda yote miwili," akasema Chogo, "tupime."

Deki ikajivutia kitambaa usoni kama mwali.

"Deki! Mikanda!"

"Mheshimiwa," ikasema, "upo mmoja."

"Mwingine umeula?"

"Nimekula mingi, sikatai. Ila huo mwingine haujawahi kuwepo. Mzee alikuwa na katuni moja tu. Watoto wa Jumamosi walirudi Jumapili wakalalamika, hii tumeshaiona. Mzee akawaambia, hapana, hii ni nyingine. Akaitafsiri upya."

Kwikwi zake zikaisha. Mimi na Mihayo tukatazamana, kwa mara ya kwanza tangu ile sufuria.

Mkanda ukaingizwa. Mheshimiwa Chogo akajaa chenga uso mzima, na katikati ya chenga kukatokea kiumbe. Mfupi, mnene, mgongoni amebeba kitu cha mviringo. Huwezi kujua ni furushi au gamba. Amesimama na mguu mmoja juu.

"Hatimaye," kikasema kile kiumbe. "Mtu anisaidie. Tangu mzee wenu aache kazi nimesimama hivi. Sijui niushushe mguu kibata au kikobe."

"Kibata," nikasema.

"Kikobe," akasema Mihayo.

"Mnaona sasa?" kikasema kiumbe, na mguu ukawa unatetemeka.

Bibi harusi na bwana harusi, ambao muda wote walikuwa mlangoni wakisubiri kurekodiwa, wakavua vichwa wakakaa na wao waangalie. Ndipo nikamwona baba. Amekaa pembeni ya TV, mahali pake, kofia yake ya kiua imekaa upande, kipaza sauti amekifunga kwa mpira wa baiskeli. Sijui alikuwepo tangu lini. Nilitaka kumkimbilia, lakini baba akiwa kazini hasalimiwi.

"Ehee, watazamaji," akasema, "huyu mnayemwona ni mama. Anawatafuta wanawe." Mguu ukashuka kibata. "Lakini si mama tu! Huyu ni inspekta, anawasaka waliowachukua!" Mguu wa pili ukashuka kikobe. Kiumbe kikaanza kutembea, hatua hii hivi, hatua hii vile, na baba anakiendesha kwa sauti mbili, ya mama na ya inspekta, anaruka kutoka hii kwenda ile bila kupumua. Tunacheka, tunalia. Tembo anaimba bila kuombwa. Kile kichwa cha kapuni kinasema, "Mungu wangu, mbona mwisho unaangalika!"

Baba anatafsiri usiku kucha. Nasikia sauti yake inaanza kukwaruza. Inapasuka. Inabaki ya kunong'ona. Kiumbe kimefika kwenye mto mpana, maji yanakwenda kasi, na watoto wanaonekana ng'ambo.

"Mbele yake," baba akasema, "mbele yake kuna..."

Sauti ikaisha. Midomo inacheza, hakitoki kitu. Kiumbe kikasimama ukingoni, kikatuangalia. Baba akanitazama, akaninyooshea kipaza sauti.

"Baba, mimi siwezi," nikasema.

Mihayo akapiga magoti, akaushika waya pale panapokatika, akaunyanyua juu kama alivyokuwa akifanya utotoni ili sauti isikatike. "Sema dada," akaniambia. "Nimeshika."

Nikakileta kipaza sauti mdomoni. "Akaingiza mguu majini," nikasema, na sauti yangu ikajaa banda zima.

Nikaamka.

Kumekucha. Uani kwangu kuku wanachakura. Nimekaa kitandani nimekamata kona ya mto wa kulalia na nimeielekeza mdomoni. Nikajiona mjinga. Halafu nikaona bora nipige simu nikiwa bado mjinga, kabla ukubwa haujanirudia.

Ikaita kidogo tu.

"Shikamoo dada," akasema Mihayo, haraka, kama mtu aliyekuwa ameishika simu mkononi.

"Marahaba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Watoto wanakuulizia. Na mimi nakuulizia."

"Baba yupo?"

"Yupo, lakini leo mtihani. Jana kalala mzima, kaamka hana sauti kabisa, imekauka. Nimemuuliza umekunywa maji ya baridi, kanikazia macho tu. Kashika chai tangu alfajiri."

"Mpe simu."

Nikasikia kikombe kikiwekwa chini, na pumzi yake. Pumzi ya baba naijua popote.

"Shikamoo baba."

Kilichotoka kilikuwa mkwaruzo, kama anayevuta kiti sakafuni. "Marahaba, Kalunde." Akakohoa, akajaribu tena, akanong'ona. "Uliishia wapi?"

Machozi yakanitoka bila kuniomba ruhusa. "Mtoni, baba. Ameingiza mguu mmoja."

"Basi njoo umalizie huku," akasema. "Watoto wameshakaa."